Homa ya siku ya 11

Jioni ya kemo yangu ya kwanza, ile dawa ya mshipani ya kansa ya titi, nilikwenda chooni, nikatazama chini, nikapiga yowe. Mkojo ulikuwa mwekundu. Dada yangu alikuja mbio akidhani nimeanguka. Tukasimama wote wawili tunakodoa macho, mpaka akasema taratibu, "Mdogo wangu, hii si ndiyo rangi ya ile sindano?"

Ndiyo yenyewe. Nesi alikuwa ameniambia asubuhi ile ile kwamba mkojo ungekuwa mwekundu siku moja au mbili, kwamba ni dawa inatoka na wala si damu. Aliniambia, nikaitikia kwa kichwa, na sikusikia hata neno moja. Siku unayopewa maelezo muhimu kuliko yote ndiyo siku ambayo masikio yamegoma kufanya kazi. Kuanzia hapo tukawa tunakwenda na daftari. Mimi nachomwa, dada anaandika. Mengi ninayosimulia hapa nimeyatoa kwenye mwandiko wake.

Titi langu lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, uvimbe umetoka wote, kingo safi, hazina kansa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa daktari lilikuwa la ubishi: kama umetoka wote, dawa ya nini tena? Hakuchukia. Aliniambia kwamba uvimbe wa sentimita moja tu unaweza kuwa na seli zipatazo bilioni moja. Zikitoroka elfu kumi kati ya hizo, zikajificha kwenye mapafu au mifupa, hakuna picha wala kipimo cha damu kitakachoziona. Kisu kinatoa kinachoonekana. Dripu inafuata kisichoonekana, kwa sababu damu inafika kila mahali. Nilinyamaza.

Kitu ambacho sikukielewa hadi mzunguko wa pili ni kwamba dawa zangu hazikuwa zinaijua kansa. Nilikuwa nimejichorea picha ya askari mwenye orodha ya majina, anagonga nyumba ya mhalifu peke yake. Hakuna orodha. Dawa hizi zinatambua haraka tu. Seli inapojiandaa kugawanyika inabidi inakili DNA yake yote, na hapo ndipo inapokuwa wazi kudhurika, kama mtu anayehama nyumba huku milango yote imefunguliwa. Seli za kansa zinahamahama ovyo, haziachi, kwa hiyo zinakutwa zaidi. Tena zikiumizwa hazijui kujikarabati vizuri kama seli nzima. Lakini mwilini kuna wengine wenye haraka halali: mashina ya nywele, utando wa mdomo na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu mchana na usiku. Hao nao wanapigwa. Karibu kila udhi lililonipata lilitokana na orodha hiyo fupi, na nilipoijua, hofu yangu ilipungua kwa namna ambayo maneno ya kutiwa moyo hayakuwahi kuipunguza.

Ile sindano nyekundu inaitwa doksorubisini. Nesi hakuitundika kama dripu nyingine. Alivuta kiti, akakaa karibu nami, akaisukuma kwa mkono polepole, kila baada ya muda anavuta nyuma kidogo kuona kama damu inarudi kwenye mrija. Nilidhani ni upole wake tu. Kumbe dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama mpaka inaoza. "Ukisikia inachoma, sema hapo hapo," aliniambia, "usinionee haya." Nawaambia na wengine hivyo hivyo. Mgonjwa mstaarabu anayevumilia maumivu kimya kimya kwenye kiti kile anajitafutia kidonda cha miezi.

Ndani ya seli, doksorubisini inajipenyeza katikati ya ngazi za DNA na kukwamisha kimeng'enya kinachokata na kuunga uzi huo unaponyooshwa. Uzi unabaki umekatika. Lakini inaumiza pia misuli ya moyo, na uharibifu huo unajumlishwa maisha yote, haufutiki ukipumzika. Ndiyo maana nilipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuanza, na ndiyo maana kuna ukomo: mtu hapewi zaidi ya miligramu 450 hadi 550 hivi kwa kila meta ya mraba ya mwili, jumla, tangu azaliwe. Dozi hukokotolewa kwa eneo la mwili linalotokana na urefu na uzito. Mimi nilikuwa meta za mraba 1.7, napewa miligramu 60 kwa kila meta, yaani 102 kila safari. Mara nne ni 240 kwa meta. Nilimwomba dada aiandike namba hiyo kwenye jalada la daftari kwa kalamu nene, kwa sababu ikitokea miaka ishirini ijayo daktari mwingine akataka kunipa tena, huo ndio mkopo nilioshachukua.

Dawa ya pili, saiklofosfamidi, haikuwa na rangi, nami nikaidharau. Yenyewe inaingia imelala. Ini ndilo linaloiamsha. Ikishaamka inashika nyuzi mbili za DNA na kuzifunga pamoja zisiachane. Mabaki yake yanapitia kwenye kibofu na kukikwaruza, kiasi cha kuweza kutoa damu ya kweli, si rangi. Ndiyo maana nililazimishwa kunywa maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara, hata usiku. Nilinung'unika sana kuhusu maji hayo, kwa sababu yalikuwa na ladha ya sarafu.

Katika usiku mmoja wa kukosa usingizi nilisoma dawa hizi zilikotoka. Ukoo wa saiklofosfamidi unaanzia kwenye gesi ya haradali, silaha ya Vita Kuu ya Kwanza. Madaktari waligundua kwamba walioivuta walibaki na chembe nyeupe chache mno za damu. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mgonjwa mwenye kansa ya tezi za limfu alidungwa kwa siri dawa iliyo ndugu wa karibu wa gesi hiyo. Uvimbe ukanywea, kisha ukarudi. Tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zikalipua bandari ya Bari, Italia, ambako meli ya Marekani ilikuwa imebeba mabomu ya gesi hiyo kwa siri, na daktari wa jeshi Stewart Alexander akaona tena jambo lile lile katika damu ya majeruhi. Sasa sikia ajabu yake: doksorubisini nayo ina mizizi mkoa huo huo. Bakteria iliyozaa ukoo wake ilichotwa kwenye udongo karibu na ngome ya Castel del Monte, si mbali na Bari, na jina lake la kibiashara, Adriamycin, limetokana na bahari ya Adriatic iliyo pwani hiyo. Sijawahi kufika Italia. Ila sehemu yake ndogo imepita mkononi mwangu mara nne.

Nywele nitazipita haraka, kwa sababu kila mtu anaziuliza na ndizo zilizonisumbua kidogo kuliko vyote. Zilianza siku ya 16. Ngozi ya kichwa iliuma kwanza, kama nimesuka kwa kubana sana, kisha zikawa zinabaki kwenye mto. Karibu nywele tisa katika kila kumi kichwani ziko kwenye kipindi cha kukua, ndiyo maana zinaondoka kwa mafungu. Mdogo wetu wa mwisho alininyoa. Yamekwisha.

Kichefuchefu ndicho kilichonifundisha adabu. Nilipewa vidonge vya kumeza kwa saa maalumu, nikavimeza siku ya kwanza, nikajisikia vizuri, nikaviacha. Siku ya tatu nilitapika mpaka nikaona nyota. Kumbe kuna kichefuchefu cha siku ile ile, na kuna kinachochelewa, cha siku ya pili hadi ya tano. Seli za utumbo zilizoumizwa humwaga serotonini, nayo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba umekula sumu. Kwa kweli hazisemi uongo. Ondansetroni huziba njia ya habari hiyo, lakini haiwezi kuziba kilichokwisha kupita. Kidonge unameza kabla ya kusikia chochote. Na hakuna aliyenionya kwa sauti ya kutosha kwamba kidonge hicho hicho hufunga choo. Sitaeleza zaidi, aliyepitia anajua, na asiyepitia aombe dawa ya kulainisha choo mapema, siku ile ile.

Kuna kichefuchefu cha aina ya tatu ambacho hakina kidonge cha maana. Kufikia mzunguko wa tatu nilikuwa naanza kutapika nikisikia tu harufu ya spiriti. Mara moja nilitapika getini, kabla hata sijaandikishwa. Ubongo ulikuwa umeshakariri njia.

Sasa nije kwenye homa.

Dada alikuwa ameandika, na kupigia mstari mara mbili: "Siku ya 7 hadi 14, damu iko chini. Joto likifika 38, SIMU, hata usiku wa manane." Siku ya 11 ya mzunguko wa pili, jioni, nilisikia baridi. Nikapima: 38.4. Dada alikuwa amelala, alikuwa amechoka kwa ajili yangu wiki nzima. Nikajiambia ni mafua tu. Sikohoi, sina kidonda, koo haliumi. Nikameza parasetamoli mbili, nikajifunika. Baada ya saa moja nikapima tena: 37.2. Nililala najipongeza.

Alfajiri nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Ndivyo dada alivyoamka. Hospitali hawakusubiri majibu. Antibaiotiki ya mshipa ilikuwa inaingia kabla hata hawajamaliza kuniuliza maswali. Majibu yalipokuja, chembe nyeupe aina ya nyutrofili, ambazo zinatakiwa ziwe angalau bilioni 1.5 kwa kila lita ya damu ili hata upewe kemo, zilikuwa 0.2.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, lakini alinikalisha kitako kama mama anavyomkalisha mtoto. "Dada," alisema, "unadhani kwa nini hukuwa na kidonda wala usaha?" Sikujua. Akanieleza: usaha na uvimbe vinatengenezwa kwa sehemu kubwa na nyutrofili zenyewe zikipigana. Kama hazipo, bakteria wanaweza kuwa wamejaa kwenye damu na mwili usioneshe dalili yoyote, isipokuwa joto. "Homa ndiyo kengele pekee uliyobaki nayo. Wewe umeifunga kitambaa."

Hakuna kauli iliyoniingia kama hiyo. Parasetamoli haikuwa imenitibu kitu. Ilikuwa imeshusha namba kwenye kipimajoto tu na kuwapa bakteria saa nane za bure. Nilikaa wodini siku sita. Kuna mama aliyelazwa chumba cha jirani kwa sababu hiyo hiyo, yeye alikuwa amechelewa siku mbili. Sikuuliza habari zake baadaye.

Kwa nini siku ya 11 na si siku ya pili? Hili nililiuliza nikiwa kitandani, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Kemo haiui sana chembe zilizokomaa tayari kwenye damu, inafunga kiwanda. Kwa hiyo kila aina inapungua kadiri ya umri wake. Nyutrofili huishi kwenye damu kwa muda mfupi sana, kwa hiyo zinaisha mapema, mara zile za akiba kwenye uboho zikishatumika. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huishi kama siku nane hadi kumi. Chembe nyekundu huishi siku 120, ndiyo maana mimi uchovu wa kuishiwa damu ulikuja kunikamata miezi miwili baadaye, wakati nilishaanza kujidai nimezoea. Na siku 21 kati ya dripu na dripu zinatosha kiwanda kufunguliwa tena, lakini hazitoshi seli za kansa kujipanga upya. Kalenda nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Baada ya kulazwa nikaanza kuchomwa sindano ya kuchochea uboho siku moja baada ya kila dripu. Hiyo nayo ina udhi lake: mifupa ya nyonga na kifua ilipwita kama moyo umehamia huko. Nesi alicheka kidogo nilipolalamika, akasema kiwanda kinafanya kazi ya ziada.

Niliwahi kuuliza pia kwa nini isitolewe dozi moja kubwa tukamaliza. Jibu ni hesabu. Kila dozi huua sehemu fulani ya seli, si idadi fulani. Tuseme, kwa mfano tu, inaua 99 katika kila 100. Ukianza na milioni zinabaki elfu kumi, kisha mia, kisha moja. Dozi ya mwisho, ambayo mgonjwa anaiona haina maana kwa sababu "kansa imeshaisha", ndiyo inayoshughulikia zile chache zilizobaki. Nilikuwa nimepanga kuomba kupunguziwa. Sikuomba.

Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye kansa ya utumbo mpana. Alikuwa na nywele zake zote, mvi tupu, nami nilimwonea wivu waziwazi mpaka akanishika mkono na kusema, "Mwanangu, mimi siwezi kushika glasi ya maji baridi." Alikuwa anapewa oksaliplatini, dawa ya ukoo wa madini ya platini. Baridi ilimchoma vidole kama umeme, na akivuta hewa ya baridi alihisi koo linafunga. Alivaa glavu kufungua friji. Tunasema "kemo" kama vile ni kitu kimoja. Mimi na mzee wangu tulikaa viti viwili vilivyogusana, tunapata dawa mbili zisizofanana hata kwa jina la baba. Ushauri wa jirani aliyetibiwa kansa nyingine ni wa kupokea kwa shukrani, kisha unamuuliza nesi.

Baada ya mizunguko minne ya ile sindano nyekundu zilikuja dripu kumi na mbili za paklitakseli, moja kila wiki. Hii asili yake ni gamba la mti uitwao yew wa pwani ya Pasifiki, lililokusanywa mara ya kwanza mwaka 1962. Haigusi DNA. Kila seli inapogawanyika hujenga vijibomba vyembamba vya kuvuta kromosomu, nusu huku, nusu kule, kisha huvibomoa. Paklitakseli inavigandisha visibomoke. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake ndio walioeleza jambo hilo. Seli inabaki imekwama katikati ya kujigawa mpaka inakufa.

Shida ni kwamba dawa yenyewe haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo huchanganywa na kitu kinachotokana na mafuta ya mbarika, na miili mingi haikipendi. Ndiyo maana unapewa kwanza steroidi na dawa za aleji. Hata hivyo, dakika ya tano ya dripu ya kwanza uso wangu ulipata moto, kifua kikabana, mgongo ukauma ghafla. Nesi alifunga dripu kabla sijamaliza sentensi. Tulipumzika nusu saa, akaianza tena polepole, ikapita. Usiku huo steroidi ilinikesha. Saa tisa za usiku nilikuwa napanga kabati.

Ganzi ilianza wiki ya tano, kwenye vidole vya miguu. Nilihisi nimevaa soksi wakati niko peku. Nilimuuliza daktari, mishipa ya fahamu ina haraka gani? Haigawanyiki! Alifurahi swali hilo kuliko nilivyotarajia. Akasema mishipa inavitumia vijibomba vile vile kama barabara ya kusafirishia chakula kutoka kwenye uti wa mgongo hadi ncha za vidole. Barabara ikiganda, wa mwisho wa njia ndiye anayekosa kwanza, na hakuna mshipa mrefu kuliko ule unaokwenda kwenye kidole gumba cha mguu. Kisha mikono ikafuata. Nilificha jambo hili kwa wiki mbili nikihofia kupunguziwa dozi, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Ganzi ikizidi inaweza kubaki, na dozi hupunguzwa kwa sababu hiyo hasa. Ilipunguzwa kwa dripu tatu za mwisho.

Kuhusu akili, nitasema tu kwamba kulikuwa na siku nilimwita dada yangu kwa jina la kiti. Yeye alikiandika hicho pia.

Nyusi na kope zilinihadaa. Zilivumilia miezi yote ile, nikajiona mshindi, kisha zikadondoka wiki mbili baada ya dripu ya mwisho, watu wameshaanza kunipongeza. Bila kope, vumbi linaingia machoni na machozi yanatiririka, kwa hiyo kila aliyekuja kunipa hongera alidhani nalia kwa furaha.

Ukurasa wa mwisho wa daftari una mwandiko wangu mwenyewe, si wa dada. Umepindapinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu vidole vilikuwa bado havijarudi sawasawa. Umeandikwa: "Blauzi ya bluu. Vifungo sita. Dakika nne. Hakuna aliyenisaidia."